Kura ya Dedan Nyaga Si ya Kuuzwa

Wachungaji, ndugu zetu wa mtaa huu wa Gulfton, nanyi mliotoka Lewisville alfajiri, anayewasomea ni mjane wa marehemu, Naserian, mvumilieni, anaogopa, lakini atasoma yote.

Dedan Nyaga alizaliwa tarehe 3 Mei 1984 kijijini Kianduru, nchini Kenya, kifungua mimba wa Mama Joyceline, akasoma shule ya msingi hapo hapo, akamaliza sekondari mwaka 2002, akasomea uuguzi, na Januari 2011 akaja Texas, akaajiriwa katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Houston. Tarehe 20 Juni 2015 alimuoa Naserian kule Lewisville, na Novemba 2016 Mungu akawapa Wawira, huyu anayelia hapa mbele.

Dedan alikuwa na neno moja, Mkenya wa ng'ambo asomeshe watoto wa nyumbani, achangie harusi na matanga ya nyumbani, halafu asimchague seneta wa nyumbani, kwa nini? Sheria humpa aliye nje kura ya rais peke yake, tena si kila nchi. Basi Agosti 2017 akaomba likizo, akanyimwa, akaenda hivyo hivyo, akapanga foleni Kianduru, akapiga kura yake ya seneta, akarudi hana kazi. Mwaka uliofuata akawa anazunguka mtaa wa Sharpstown baada ya ibada akikusanya sahihi ili sheria ibadilishwe, na Mzee Mutuku, mwenyekiti wa chama chetu cha Wakenya wa hapa Houston, akamcheka mbele za watu, eti, "Daktari wa kura, kunywa chai uende zako!"

Machi 2019 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini, akatutoka tarehe 14 Septemba. Kesho yake tu, Mzee Mutuku huyo huyo akaketi sebuleni kwa Naserian, akasema, "Mama Wawira, seneta wa nyumbani atausafirisha mwili hadi Kianduru, wewe ukisoma historia ya marehemu mazishini sema tu kwamba alimpigia yeye kura." Akiwa hai kura yake ilikuwa upuzi, amekufa ndiyo mnaitaka! Naserian alimfungulia mlango atoke, na ndiyo sababu Dedan anazikwa hapa Houston, mbali na mamake, na mwenye swali amuulize mwenyekiti.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi wenzake, na majirani wa ghorofa ya pili waliomlea Wawira siku zote za hospitali.

Baba Wawira, jina uliloliwekea alama kwenye karatasi ya kura ulimnong'onezea mkeo, yeye peke yake. Pumzika kwa amani, hatamwambia mtu mwingine.