Mfungo wa Talitha

Mbele ya nyumba yetu hapa Kamina kuna mataruma mawili ya reli yaliyolazwa juu ya mawe. Hicho ndicho kijiwe. Vita imezuia treni, basi wanaume wa reli wanakunywa kahawa yetu tangu asubuhi. Baba yangu, Lazare, hukaa upande wa ukuta. Shefu alikuwa mkuu wa stesheni. Radio hana redio tena, lakini habari zote anazo. Siku hiyo walikuwa wakimzungumzia dada yangu Talitha, aliyeanza kufunga na kuomba pamoja na vijana wa kanisa wakati wa Pasaka. Wenzake walifunga siku tatu. Sasa ilikuwa Agosti, naye alikuwa bado anafunga.

— Mutoto wako njo analinda muji, alisema Shefu. Vita ilikuwa inakuya, ikasimama kule mbali.

— Pasteur alimusimamisha mbele ya bantu bote, alisema baba. Eti tumufuate.

— Na weye ulimufuata?

— Miye nafuata na roho. Tumbo inabakia nyuma.

Walicheka.

— Eko mwepesi sana, alisema Radio. Kwenye kisima upepo ilimusukuma na ndoo yake. Bale basoda ba Base ya ndege banamutafuta.

— Banamutafuta ya nini?

— Ndege zao hazina mafuta. Ule anatembea bila hata kula bukari.

— Basi afundishe jeshi lote, alisema Shefu. Askari mwenye kufunga hatabeba kuku ya muntu.

Mimi sikucheka. Mara mbili nilikuwa nimemwambia mama kwamba Talitha huwapa kuku bukari yake, ugali wote anaopakuliwa, na kwamba nywele zake zinabaki kwenye kitana. Mama alinijibu nisivunje maombi ya mwenzangu.

Mama Ngalula, muuguzi aliyekimbia vita na kupanga chumba kwa jirani, alikuwa amesimama akingoja kikombe.

— Samahani, Papa Lazare. Anafungua siku gani?

— Kufungua?

— Kila mufungo iko na siku yake ya kufungua. Ya mutoto wako njo gani?

Baba alimtazama Shefu. Shefu alimtazama Radio. Radio akanywa, na kikombe chake kilikuwa kitupu.

Baba akaingia ndani. Tulimsikia akiuliza swali lile lile, polepole.

— Sijue tena, papa, Talitha alijibu. Tangu mwezi wa tano najaribu kufungua. Nashindwa.

Baba akatoka akisukuma baiskeli.

— Kunja kitenge, uweke pale nyuma atakapokaa dada yako, Mama Ngalula aliniambia. Hospitali iko mbali, mifupa itamuuma.