Mzee Bado na Yoga Aliyoidharau

Wazee wetu, majirani, ndugu na jamaa, mimi binti yake, mtoto wake wa kwanza, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, na kwa kuwa yeye hakumsifu mtu bure, nami sitamsifu bure.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1951, mtoto wa tatu wa fundi viatu, akasoma hadi kidato cha nne mwaka 1971, akawa karani, na mwaka 1979 akawa mtahini wa udereva, kazi aliyoifanya hadi kustaafu mwaka 2011, akikaa kiti cha abiria, mikono kifuani, uso umekunjwa kana kwamba kila dereva amemkanyaga kidole, na yeyote aliyezimikiwa na gari mlimani, baba alimwambia neno moja tu, "Bado", mpaka neno hilo likawa jina lake.

Mwaka 1980 alifunga ndoa na mama yetu, mshonaji wa sare za shule, wakajaliwa watoto wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume, ambaye baba alimfelisha bila kupepesa jicho, akaenda kutafuta leseni mji mwingine.

Mwaka 2013 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka, sauti ikafifia, akifika mlangoni miguu inaganda kama imepigiliwa misumari, na hapo ndipo tulipowajua ndugu, kwani baba mdogo alisema kaka yake amelewa, shangazi akasema amerogwa, wakashauri tumfungie ndani asituaibishe, mpaka daktari alipotamka kuwa ni ugonjwa wa Parkinson, akampa dawa, akamwagiza na mazoezi, akimwelekeza kwenye darasa la yoga katika ukumbi ulio nyuma ya zahanati.

Baba alisema yoga ni shughuli ya watu wasio na shughuli, mama akamburuta hivyo hivyo, na mwalimu alipogeuka baba akamtambua, kwani alikuwa amemfelisha mwanamke huyo mtihani wa udereva mara tatu mfululizo. "Huyu hawezi hata kurudi nyuma na gari," alimnong'oneza mama, na kwa jinsi ukumbi ulivyokuwa kimya kila mtu akasikia, naye mwalimu akasema, "Shikamoo mzee, shika kiti, geuza kifua, angalia nyuma yako," na baba, aliyewafelisha nusu ya mji kwa kutoangalia nyuma, shingo ikagoma. Mwalimu angeweza kumrushia lile neno lake, hakulisema, akamsogezea tu kiti ukutani, na huruma hiyo ilimuudhi kuliko tusi.

Alirudi kila wiki, akinuna, akisema wanafunzi wenzake wamesimama kama nguzo za umeme zinazosubiri kuanguka, lakini akaanza kujigeuza kitandani bila kumwamsha mama, akainuka kitini mwenyewe. Kwenye harusi ya mdogo wangu, mwaka 2018, baba mdogo alimngoja mlangoni na kiti cha magurudumu ambacho hakuna aliyemwagiza akilete, akasema, "Kaa humu kaka, unachelewesha watu," baba akaganda, akashusha pumzi kama alivyofundishwa, akahamishia uzito mguu mmoja, kisha mwingine, akavuka kizingiti, akamwambia, "Kaa wewe, maana mdomo wako umechoka."

Yoga haikumponya, aliniagiza niwaambieni hivyo, ili wajinga wasitupe dawa zao. Ugonjwa uliendelea, mwaka 2023 akashindwa kutembea, mwalimu akawa anakuja nyumbani kumnyoosha mikono, kisha kumeza kukawa kazi, akapata nimonia, akafariki hospitalini Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, mama akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliombeba bila kuuliza maswali, watahini wenzake, na mwalimu, ambaye baba hakumshukuru hata siku moja, ila kila mwalimu huyo alipochelewa, baba alimuuliza mama, "Yule mwanamke yuko wapi?" Nanyi mliosema amelewa, tumewaona mkilia kuliko wafiwa, viti vyenu viko mbele kama mlivyotaka, hatuna la kuongeza.

Baba, pumzika kwa amani, hakuna tena wa kukuharakisha.