Ulimi Uliobaki

Mheshimiwa Hakimu, Bwana Mkuu wa Wilaya, Mchungaji, Shehe Ishaq uliyetoka Mumias na jua hili lote, makarani wenzangu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana: hamjambo. Mimi Hezekiah Shitanda, niliyekuwa mkalimani wa mahakama hii ya Kakamega, leo nastaafu. Nitasema polepole, na pale nisipoeleweka msione haya kuniambia nirudie, maana sehemu ya ulimi wangu ilibaki Nairobi.

Mwaka wa tano wa Uhuru nilitoka kidonda pembeni mwa ulimi, palepale nilipozoea kubana tumbaku. Hakikuuma. Kingeuma ningekimbia hospitali siku ileile, lakini saratani ya kinywa huanza kwa upole, pengine doa jeupe au jekundu, pengine kijivimbe, nawe unaendelea kula na kucheka. Tukalishuku jino. Jino likang'olewa bila kosa lolote, kidonda kikabaki, miezi ikapita.

Huko Nairobi madaktari walikata kipande kidogo cha nyama, wakakichunguza kwa darubini, ndipo wakalitaja jina la ugonjwa. Walinipasua, wakauondoa pamoja na nyama kidogo yenye afya iliyouzunguka, halafu nikapigwa mionzi hadi mate yakakauka na chakula kikakosa ladha. Nilijifunza upya kumeza. Nilijifunza upya kutamka jina la mke wangu, Khalayi. Daktari alisema ningefika mapema, pangekatwa padogo tu. Lakini nilipona, na je, mnadhani aliyepona hupokewa vipi?

Nilirudi nyumbani Jumamosi moja, wazee wakiwa wamezunguka chungu cha busaa, kila mtu na mrija wake. Mrija wangu ulikuwa umekwisha kutolewa. Nilitengewa kiti kando, karibu na zizi la ndama. Barasa, rafiki yangu tuliyetahiriwa pamoja, aliniambia kwa heshima zote, "Mzee, wewe kaa hapa. Hapa unapatanga hewa mzuri." Hakuna aliyenitukana. Tena pombe na tumbaku nilikuwa nimekatazwa, kwa kuwa hivyo viwili vikikutana mdomoni huulisha ugonjwa huu. Sikwenda pale kunywa, jamani. Nilikwenda kukaa na watu.

Khalayi alikula nami sahani moja mpaka malaria ilipomchukua mwaka jana. Saratani hii hakuipata kwangu, wala asingeweza kuipata, kwa kuwa haiambukizi kwa mrija, wala kwa kikombe, wala kwa mate. Tangu tumzike, jioni nyumbani kwangu nazungumza na kuku. Nina upweke, ndugu zangu, na nausema wazi mbele ya Mheshimiwa.

Mmenisifu sana leo kwamba nilitafsiri maneno ya watu bila kuongeza wala kupunguza. Basi niruhusuni neno moja ambalo ni langu mwenyewe. Hapa kuna mtu ambaye leo amekataa nyama, akanywa mchuzi kwa upande mmoja wa mdomo, huku akijifanya amevutiwa na kwaya. Sitamtaja. Nataka ajue tu kwamba nimemwona, kwa sababu na mimi nilikunywa mchuzi namna hiyohiyo.

Rafiki yangu, kidonda kisichopona kwa wiki mbili tatu usikisubiri hadi kianze kuuma. Najua unachoogopa, na si kisu. Unaogopa kile kiti cha kando, kwa kuwa unajua kinavyowekwa. Kesho asubuhi nitakuwa kwenye benchi la nje pale hospitali, na uji kwenye chupa, wa kututosha wawili. Sitakuuliza lolote juu ya mambo yaliyopita. Ukiitwa ndani, tutaingia wote. Wakikupeleka Nairobi, nitapanda gari nawe, kwani sasa nimestaafu na nyumbani hakuna anayeningoja.

Mheshimiwa Hakimu, mabibi na mabwana, asanteni kwa kunisikiliza hadi mwisho. Tangu Khalayi aondoke, ninyi ndio wa kwanza.