Mwalimu Fausta Mbonile Alikuwa Anastaafu

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha Kiingereza, Mwalimu Fausta Mbonile anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025.

Mzaliwa huyu wa Itumba alianzia kazi Msangano, kisha akahamia hapa Tunduma, na hakuna aliyepita mikononi mwake asiyejua wakati uliopita unaoendelea. Kanuni yake ilikuwa fupi: jambo refu linaendelea, jambo fupi linakuja kulikatiza. Mfano aliutoa dirishani: “The lorries were queuing when the rain started.” Malori yalikuwa yakipanga foleni, mvua ikaanza. Watoto wa Tunduma hawahitaji kuelezwa foleni ya malori. Wengine wamezaliwa baba zao wakiwa humo.

Shida ilikuwa adabu zetu. Mtu mwenye heshima zake hasemi “naomba”. Husema “nilikuwa naomba”, hata kama ndiyo kwanza anafungua mdomo. Mwaka mmoja mwanafunzi aitwaye Yonasi, haja imembana, alisimama akasema kwa unyenyekevu, “Madam, I was asking to go out.” Mwalimu Fausta alimpongeza kwa sentensi safi, akamweleza kwamba kwa Kiingereza hicho ombi limeshapita, hivyo akae. Yonasi hakukaa sana. Alitoka mbio bila ruhusa wala sarufi. Siku hizi ni wakala wa forodha hapo mpakani, na anaapa hajalikosea tena ombi hilo.

Walimu nasi hatukusalimika. Mimi nilimwambia nilikuwa naazima rula yake, akataka kujua nani kanikatiza.

Mwezi uliopita kicheko kilituishia. Shule haina mwalimu mwingine wa Kiingereza, na Kidato cha Nne wa mwakani wana mtihani wa taifa. Mkuu wa shule, Mwalimu Nsajigwa, mtu mpole kupita kiasi, alimfuata akamwambia tulikuwa tunaomba aendelee kutusaidia hadi apatikane mwingine. Mwalimu Fausta alimshukuru kwa kuwahi kuomba, akaendelea kufungasha vitabu vyake. Tuliogopa kweli.

Tukaenda nyumbani kwake walimu wote. Safari hii Mwalimu Nsajigwa alilitamka neno bila kulipamba: tunaomba. Mwalimu Fausta alitumiminia chai, akatuangalia mmoja mmoja, kisha akasema, “Nilikuwa nakataa.”

Mwalimu Nsajigwa alishusha kikombe, akaanza kuaga kwa huzuni. Kama si Ketrina, mhasibu wetu, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, tungeondoka kweli. Yeye alipiga kigelegele hadi majirani wakatoka: jambo refu limekatizwa!

Asante, Mwalimu, kwa kutunyoosha ndimi. Tunakupenda na tunakuhitaji, na hayo tunayasema kwa wakati uliopo. Mungu akujalie mapumziko marefu yenye afya na furaha, yatakayokatizwa kila Jumanne saa mbili asubuhi na kipindi chako cha Kidato cha Nne.