Kengele Iliyotiwa Majani

Bismillahi. Kabla karatasi hii haijakunjuka vizuri, kila aliyeketi chini ya turubai hili, wanaume upande ule, kina mama upande huu, na nyinyi wageni wa mbali mnaosikiliza kupitia simu iliyowekwa juu ya meza, aseme wallahi moyoni mwake kwamba yatakayosomwa leo hayatavuka ua huu, hayatafika sokoni kwa wauza maziwa, wala hayatapanda basi la Wajir. Mmesema? Haya. Msomaji naye aliapishwa vivyo hivyo na marehemu mwenyewe mwaka jana, na leo ndiye anayekivunja kiapo chake, kwa hiyo na nyinyi msijichoshe sana na kiapo chenu.

Karatasi hii imeandikwa na Weris Kerrow, shangazi yake marehemu, mwenye elimu ya darasa la nne, na ndiye anayeisoma. Wenzake marehemu wa kazini waliomba historia isomwe siku hii ya saba baada ya dua, ndiyo desturi yao ya maofisini, wakasema karatasi ya namna hii haipendi neno "mimi", basi humu Weris ataitwa Weris kama mtu mwingine yeyote, kwa mazuri yake na kwa mabaya yake.

Marehemu Habibo Nunow Kerrow alizaliwa Balambala, na kitambulisho chake kinasema ni tarehe mosi Januari 1982, kama vitambulisho vya nusu ya mliokaa hapa, utadhani mama zetu wote walishikwa na uchungu siku moja, lakini ukweli ni kwamba alizaliwa mvua za vuli za 1981, wiki ile mto Tana ulipobeba mahindi ya watu yakiwa bado mabichi. Mama yake, Sahro, alifariki mwaka 1986, na mtoto akabaki mikononi mwa Weris, aliyekuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja na mdomo mrefu kuliko huu wa sasa. Baba yake, Nunow, alikuwa mgawa zamu visimani, mtu wa kusema mifugo ya nani inywe kwanza na ya nani isubiri, na katika miaka yake yote pale hakuna aliyechomwa kisu kwa ajili ya maji.

Mwaka 1990 mtu mmoja, jina lake tunaliacha kwa kuwa wajukuu wake wamo humu na wanakunywa chai yetu, aliiba ngamia jike, akaijaza majani koor yake, ile kengele ya mbao ya shingoni, ili isilie njiani. Alipopatikana, Nunow hakutaka apigwe, alisema ayatoe yale majani kwa mkono wake mwenyewe, aivae koor shingoni mwake, atembee kisima hadi kisima mbele ya watu, na jamani, yule mtu alilia kuliko kengele. Habibo, mtoto wa miaka minane, alimfuata nyuma mwendo wote akisikiliza, kisha akamuuliza baba yake, "Aabo, kwani siku zote hizo kengele ilikuwa inapiga humo ndani?" Nunow akamjibu, "Ilikuwa inapiga. Ni majani tu yaliyokuwa yanasema uongo."

Alianza darasa la kwanza Balambala mwezi Januari 1990, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1997, akasoma sekondari ya wasichana hapa mjini Garissa toka 1998 hadi 2001, na mwaka 2002 akaingia chuo kikuu Nairobi kusomea uhandisi wa umeme, akahitimu mwaka 2007, wakati wenzake wa Balambala walikuwa wameshazaa mara tatu na wanamsikitikia. Tarehe 16 Agosti 2008 aliolewa na Abdimalik, mwalimu wa hesabu, mtu mpole mpaka Weris alidhani mwanzoni kwamba hasikii vizuri. Walijaliwa binti, Iftin, tarehe 3 Mei 2010, na mwaka 2015 mtoto wa kiume aliyeishi siku mbili, hakupata hata kuzoea jina lake.

Mwaka 2012 alikwenda Norwei kusomea sauti, akamwacha Iftin kwa Weris miaka miwili, na maneno ya mji huu mnayakumbuka, wengine wenu ndio mliokuwa mnayatengeneza. "Ameacha mtoto akasomee kelele!" Ndivyo mlivyosema, na Weris, Mungu amsamehe, naye alilisema mara mbili hivi, mara tatu. Aliporudi alifanya kazi Dadaab, kwenye mashine za maji za kambini, zile unazogusisha kadi zikakupa maji, kwa sababu mashine ilikuwa inaandika maneno juu ya kioo, na kina mama wasiojua kusoma walikuwa wanasimama mbele yake na madumu yao kama wanaosubiri mtoto bubu azungumze. Habibo akaipa sauti, moja ya kusema kadi imekubaliwa, moja ya kusema ngoja, moja ya kusema maji yamekwisha.

Kwa kazi hiyo, mwezi Septemba 2017, alichaguliwa kuwa mratibu wa mtandao wa kimataifa wa watafiti wa sauti na vifaa vinavyojibu, watu wa nchi kumi na moja, na Weris alipouliza mratibu ni nani, Habibo, ambaye siku zote alimwita edo, yaani shangazi, alimjibu, "Edo, ni kazi ya aabo tu, ila hakuna ngamia." Na kweli ilikuwa ni kazi ya kugawa zamu, maana Japani wanaamka wakati Brazili wanalala, huyu wa Ujerumani amekasirika kwa sababu yule wa India amemtangulia, na Habibo ameketi hapa kwenye veranda na kompyuta, akiwapanga mmoja mmoja, na mwenye kuzidisha maneno anapigiwa koor, kong kong kong, ananyamaza, awe profesa asiwe profesa. Mwezi Februari 2018 wale wenzake walichagua, bila kumuuliza, sauti tamu kutoka kwenye rekodi zake iwe ndiyo ya kutangaza maji yamefika, na ilikuwa ni ule mluzi wetu wa kuwaita wanyama wanywe, basi siku ya kwanza mashine ilipopiga mluzi, mbuzi wa Dadaab yote walikuja wakaikanyaga chini. Habibo alicheka mpaka akakaa kwenye matope. Weris hakupata kumwona tena akicheka namna ile.

Ugonjwa wa figo ulijulikana mwezi Machi 2022, na kuanzia tarehe 8 Agosti mwaka huo alikuwa akisafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, akipelekwa na kurudishwa na Keynan, mwenye tuktuk, baba wa watoto wanne, aliyekuwa anamfunga kwa leso kwenye kiti ili mashimo yasimuumize. Hata pale kitandani aliendesha mikutano, na mashine ilipolia tit tit tit wenzake walidhani ni sehemu ya utafiti, mpaka siku moja ililia bila kukoma, ndipo wakaelewa nchi zote kumi na moja. Alisema kengele za hospitali zinampigia kelele mgonjwa asiyeweza kuinuka, na waliozizoea hawazisikii tena, akaupa mtandao wake kazi ya kuzitafutia sauti ya kibinadamu, na kazi hiyo haijakwisha.

Sasa tunafika pale pa kiapo.

Abdimalik ana kisukari na Iftin ni mtoto, kwa hiyo tarehe 19 Januari 2024, Weris, mzima kama punda, alimshika Habibo mkono akamwambia, "Figo langu chukua, nina mawili na nalitumia moja tu." Damu ilipimwa mwezi Februari, ikakubaliana. Vipimo vya mwisho vilikuwa Nairobi tarehe 6 Mei, na alfajiri ya siku hiyo Weris alifunga kitambaa chake, akapanda basi la Mandera, akaenda Rhamu kwenye harusi ya mtu ambaye hakumjua vizuri, akakaa huko siku ishirini akila tende na kusema watu. Aliogopa. Hakuna neno jingine, alikiogopa kisu.

Aliporudi alimkuta Habibo ameshamwambia Abdimalik na dunia nzima kwamba damu ya shangazi imekataa. Akamvuta Weris karibu akasema, "Edo, wewe ndiye uliyenilea, sitaki watu wakutafune. Sema wallahi hutasema." Weris akasema wallahi. Hicho ndicho kiapo kilichovunjwa leo, na Abdimalik, mkwe, kaa chini, karatasi haijaisha.

Habibo alikuwa na kinasa sauti, kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni, alichokitengeneza na wenzake, na kwa kuwa mtoto wa wafugaji ni mtoto wa wafugaji, alikitia sauti ya koor ndani, kikipotea unabonyeza simu nacho kinajibu kong kong kong, popote kilipo. Kilikuwa kinamnasia kila kitu. Wiki ya mwisho alimwambia Iftin kwamba amemwekea maneno humo, na alimwambia Weris, bila ukali, "Hata ya Januari yamo, edo. Na ya baada ya Rhamu."

Alifariki Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa moja kasoro asubuhi, nyumbani, akazikwa siku hiyo hiyo baada ya alasiri. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Kina mama walipokuwa wakimwosha, kinasa sauti kilitoweka chini ya mto, na kwa kuwa Keynan ndiye aliyembeba mpaka kitandani usiku wa jana yake, vijana wetu walimkamata, wakampiga, wakamfikisha kituoni akalala ndani siku mbili, mkewe akafukuzwa kwenye foleni ya maji kwa jina la mke wa mwizi. Yuko nje ya ua sasa hivi, alikatazwa kuingia, lakini masikio hayakatazwi. Na Iftin kila siku baada ya alfajiri huzunguka nyumba hii akibonyeza simu yake na kusikiliza, chumba hadi chumba, na Weris humsindikiza, akiinua magodoro pamoja naye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia miaka mitatu, majirani waliopika na kuchota maji, wenzake wa nchi kumi na moja ambao hawakukatisha simu hata pale mashine ilipolia, na kwa namna ya pekee Keynan, aliyemfunga leso, ambaye deni letu kwake ni heshima, na heshima hairudishwi kwa chai.

Iftin, mwanangu, toa simu ubonyeze. Msigeuke kutazama langoni. Koor ya kinasa sauti inapiga, mnaisikia, na haipigi kwa Keynan, inapiga chini ya shash, huu mtandio wa kichwani, ya huyu aliyesimama na karatasi, pale Weris alipoifunga shingoni mwake kwa uzi leo asubuhi, baada ya kuitoa kwenye soksi, na soksi kwenye kopo la sukari, majani yote kwa mkono wake mwenyewe, kama Nunow alivyohukumu. Mlinzi wa lango, mfungulie Keynan. Iftin, njoo uivue shingoni mwa mwizi, usikilize ulichowekewa.

Weris amemaliza, na hatapigiwa koor mara ya pili. Pumzika kwa amani, Habibo, zamu ya kusema ni yako.