Pikipiki Juu ya Kreti

Kwenye foleni ya bucha, Soko la Burma, Muriithi alimsikia mzee mwenye bendeji mguuni akimwambia mama aliyekuwa nyuma yake, "Niliinua pikipiki sebuleni juu ya kreti ya soda nitoe gurudumu la nyuma. Ikaniangukia."

"Kreti haina kosa, mzee. Ungefunga breki ya mbele kwa mpira, isisonge."

"Kosa ni kreti, mama! Plastiki hiyo!"

Muriithi alicheka hadi akashika ukuta. Yeye, mwerevu, pikipiki yake alikuwa ameiacha nyumbani Kaloleni, nyuma imening'inizwa kwenye grili ya dirisha kwa leso ya mkewe.

Simu ikalia. Ni mkewe.

"Baba Wambo, nimefungua leso yangu niende chama. Sasa hii pikipiki niishikilie hadi saa ngapi?"