Jani la Saba

Mniruhusu nisimame, ndugu zangu, maana nikikaa sitamaliza. Ninyi tunaosali pamoja hapa Yoba, mtaa wetu wa Gitega, mnajua kazi yangu: naunga mifupa. Nilirithi kwa baba tukiwa bado wakimbizi Tanzania. Aliniachia majani saba. Sita, hata watu wa Giheta wanayajua. La saba aliniambia, "Hili lisitoke nyumbani mwetu."

Binti yangu alikuwa anasoma Muyinga, anakaa kwa shangazi yake. Goti likamvimba bila kuanguka. Nikaenda, nikamkanda wiki tatu kwa majani yote saba, yeye akiuma kitenge asipige kelele. Nawaambia ukweli, nilijiona fundi. Dada yangu ndiye aliyenikemea: "Kaka, acha! Mtoto anakwisha. Twende hospitali!"

Ilikuwa kansa ya mfupa. Wakamkata mguu, na picha ikaonyesha imeshafika mapafuni. Nikamwuliza daktari, je, ni mikono yangu iliyoisambaza? Akanieleza habari za dawa tu. Mpaka leo sijui.

Tulipomleta hapa Gitega, nikakutana na mama mmoja mtafiti. Yeye hukamua majani, hutoa kilichomo, hukijaribu maabarani juu ya chembe za kansa. Anatafuta kitu cha kuizuia isitoke mfupani kwenda kwingine. Akaniomba majani yangu. Nikampelekea sita.

Mbona mnanitazama hivyo? Hata mimi najishangaa. Niliona atachukua siri ya baba, apate jina, nami nibaki mikono mitupu. Mwanangu akaniuliza akiwa kitandani, "Papa, na lile la babu ulilipeleka?"

"Ndiyo, mama," nikamjibu.

"Aksanti, papa."

Hakumaliza wiki.

Baada ya mazishi sikuweza kula wala kusali. Akina mama wa hapa mlikuja kukaa nami, mkidhani ni msiba tu. Kumbe ulikuwa ule uongo. Asubuhi moja nikachuma kapu zima la lile jani, nikampelekea yule mtafiti na kumweleza yote. Hakunigombeza. Alilipokea, akaandika. Ikapita miezi, akaniita: halikuzuia kitu. Yote saba hayakuzuia kitu. Yeye bado anatafuta.

Nawashukuru mlionipikia uji nikiukataa, mkapika tena. Namshukuru dada yangu kwa ukali wake. Leo nakula, nasali, nalala. Na nawaomba: mtoto akivimba mfupa bila kuanguka, msimlete kwangu akandwe. Njooni niwasindikize hospitali. Na mwenye dawa aliyoificha, aitoe ipimwe.

Wengine mnanifariji: halikufaa kitu lile jani, hata ungelipeleka mapema angekufa tu. Ni kweli, ndugu zangu. Lakini siku ile nililificha nikiamini linaponya.